Noti ya zamani: usiioshe, usiipige pasi

Ukikuta noti ya zamani ndani ya kitabu au sanduku la marehemu babu, tafadhali iache ilivyo. Wengi huifuta kwa maji au kuinyoosha kwa pasi ili ipendeze, na hapo ndipo thamani inapopotea. Karatasi iliyooshwa hulegea, rangi hufifia, na mnunuzi mzoefu huitambua akiishika tu. Hata mkunjo mmoja katikati hushusha bei. Wapima ubora hutumia kipimo cha 1 hadi 70, na 70 ni noti isiyo na doa.

Kwa noti zenye kasoro, jiulize: kosa hili lilitokea kiwandani au mtaani? Namba mbili za mfululizo zisizofanana kwenye noti moja, au karatasi iliyojikunja kabla ya kuchapwa ikaacha ufa mweupe, hayo ni makosa ya kiwandani, na ndiyo wakusanyaji huyatafuta. Doa la wino wa kalamu ni uchafu tu. Noti iliyokatwa upande ipime kwa rula kwanza. Ikiwa fupi kuliko kawaida, huenda kuna mtu aliipunguza kwa mkasi. Ikionyesha kipande cha noti iliyochapwa kando yake kwenye karatasi moja, hapo una kitu cha maana kweli.

Ihifadhi kwenye mfuko usio na PVC, maana plastiki hiyo huchakaa na kuidhuru noti. Na bei? Tazama zilizouzwa kweli mnadani. Anachotaja muuzaji ni ombi lake tu.