Kuanza redio ya ridhaa Lubumbashi: cha kusoma, cha kupigia hesabu na cha kukata

Anayeanza redio ya ridhaa, yaani ya kuongea na wengine hewani kwa kujifunza na kwa mapenzi tu, si kwa biashara, Lubumbashi hukutana na mambo matatu kwa mpigo: vitabu ni vya Kifaransa au Kiingereza, vifaa ni ghali, na umeme hauna ratiba. Vitabu visikutishe. Nadharia inayotakiwa kwa mtihani ni ndogo kuliko inavyoonekana, na huingia kichwani upesi ukiifunga na kazi ya mikono: sheria ya Ohm uisomee kwenye waya wa betri, urefu wa wimbi kwenye antena, desibeli kwenye kebo.

Karatasi kabla ya redio

Kusikiliza bendi za ridhaa na kutuma ni mambo mawili mbalimbali. Kutuma kunahitaji idhini, na kwa Kongo mamlaka husika ni ARPTC, mdhibiti wa posta na mawasiliano, chini ya sheria ya mawasiliano namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020. Ukipewa idhini unapewa na alama ya wito, nayo ya hapa kwetu huanza na 9Q. Omba masharti kwa maandishi kabla ya kuagiza redio kutoka nje.

Jihadhari hasa na vile viredio vya mkononi vya bei nafuu. Vingi vinatuma popote kati ya 136 na 174 MHz, wakati bendi ya ridhaa ya mita 2 (bendi huitwa kwa urefu wa wimbi lake) kwetu ni 144 hadi 146 tu. Masafa mengine humo yana wenyewe: walinzi, migodi, magari ya wagonjwa. Kubonyeza kitufe “kujaribu tu” katika mji wa migodi kama huu kunaweza kukuletea wageni usiowataka mlangoni.

Usome nini

Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, una pendekezo M.1544 linalotaja maarifa ya chini kabisa anayopaswa kuwa nayo mtumaji wa ridhaa: kanuni, njia za kuwasiliana, nadharia ya mitambo, usalama wa mawimbi, na kuzuia usumbufu kwa vifaa vingine. Ulaya wana mtaala wao mpana zaidi, HAREC. Kwa msomaji wa Lubumbashi aliyesoma shule kwa Kifaransa, masomo ya HAREC ya Wabelgiji na Wafaransa ndiyo njia fupi.

Maswali ya mtihani wa Marekani wa ngazi ya kwanza, Technician, yako wazi kwa kila mtu na ni mazoezi mazuri: mtihani una maswali 35, kufaulu ni 26. Lakini usikariri mipaka yao ya bendi. Marekani iko Kanda ya 2 ya ITU, Afrika iko Kanda ya 1. Wao wana mita 40 mpaka 7.300 MHz na mita 2 mpaka 148. Sisi tunaishia 7.200 na 146. Anayejifunza kwa programu ya simu ya Kimarekani hubeba kosa hili bila kujua.

Za kwetu za kukariri kwanza ni hizi: mita 40, 7.000–7.200; mita 20, 14.000–14.350, mita 15, 21.000–21.450, mita 10, 28.000–29.700. Kwa sauti ya SSB, inayotumwa kwa upande mmoja tu wa wimbi, chini ya 10 MHz kwa kawaida tunatumia LSB (upande wa chini), juu yake USB (upande wa juu). Sauti ya SSB hula karibu 2.7 kHz. Kwa hiyo ukiwa USB na kioo kinaonyesha 14.349, mawimbi yako yamekwisha kutoka nje ya bendi, maana yanapanda juu ya namba unayoiona. Swali hili hupenda kurudi kwenye mitihani, na hewani huwanasa hata wazoefu.

Sikiliza kwa saa, si kwa kubahatisha

Kama huna redio ya masafa mafupi, anza na kidude cha RTL-SDR, kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, aina inayoshuka chini ya 24 MHz. Redio ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha Twente, Uholanzi, nayo inasikika bure. Inakula bando, lakini utajua SSB iliyowekwa sawa inasikikaje.

Kisha weka 14.100 MHz. Hapo kuna vinara 18 vya dunia nzima, yaani vitumaji vinavyojiendesha vyenyewe, vinavyopokezana, kila kimoja sekunde 10, mzunguko mzima dakika 3. Kila kinara hutaja alama yake kwa Morse, halafu hupiga mistari (milio mirefu) minne ya sekunde moja moja: wa kwanza kwa wati 100, kisha 10, 1, na mwisho 0.1. Kenya ni 5Z4B, Afrika Kusini ni ZS6DN. Kinara kikinyamaza siku nzima huenda kimezimwa tu. Ukisikia mistari mitatu ya kinara, basi wati moja inakufikia kutoka huko. Kutoka mstari mmoja hadi unaofuata ni desibeli 10, na hapo umejifunza desibeli kwa sikio: 10 dB ni mara kumi, 3 dB ni mara mbili. Vinara hivyo hivyo vipo pia 18.110, 21.150, 24.930 na 28.200, kwa hiyo dakika kumi na tano za kusikiliza zinakuambia bendi gani iko wazi saa hiyo na kwa upande gani.

Antena ya kwanza: dipoli ya mita 40

Urefu wa wimbi kwa mita ni 300 gawanya kwa MHz. Dipoli, antena ya waya yenye mikono miwili iliyo sawa, ni nusu ya hapo, pungufu kidogo: tumia 143 gawanya kwa MHz. Kwa 7.1 unapata mita 20.14, yaani mita 10.07 kila upande. Usikate hapo. Kata mita 10.40 kila upande; waya mrefu unapunguzwa, mfupi hauongezeki vizuri.

Vinavyohitajika: waya wa nyumba wa shaba, wenye nyuzi nyingi, 2.5 mm², mita 22. Kipande cha ubao wa plastiki wa kukatia nyama kwa ajili ya katikati. Vipande viwili vya bomba la PVC vya sentimita 10 kwa ncha. Kamba ya nailoni mita 30. Kebo ya koaksi (waya wa katikati, yaani moyo, uliozungukwa na wavu) ya omu 50. Konekta moja ya PL-259. Tepu ya mpira inayojishika.

Kabla ya kulipia waya, kwangua ncha kwa wembe. Ikiwa ndani ni nyeupe, ni alumini iliyopakwa shaba. Ni aibu kuuziwa hiyo Katanga, lakini sokoni imejaa. Kwa antena itafanya kazi kwa muda, kisha itakatika kwenye kiungo. Kwa waya wa betri usiiguse kabisa.

Toboa ubao mashimo matatu kwa kila upande, upitishe waya ukizunguka ili mvuto ubebwe na plastiki, usibebwe na lehemu. Moyo wa koaksi uende upande mmoja, wavu wake upande wa pili. Lehemu, kisha funga kwa tepu ya mpira, na juu yake tepu ya kawaida ya kuzuia jua. Maji yakiingia kwenye wavu hupanda ndani ya kebo kwa mita kadhaa na kebo imekwisha. Chini tu ya kiungo, zungusha kebo mara 12 kwenye bomba la PVC la sentimita 11. Hiyo ndiyo kizuizi cha mkondo unaotaka kurudi kwa nje ya wavu. Bila hiyo, mikrofoni inaweza kukuchoma midomo, na kipimo cha SWR, kinachoonyesha nguvu inayorudishwa na antena, kubadilika kila ukishika kebo.

Parseli nyingi hazina mita 20 zilizonyooka. Pandisha katikati mita 8, kwenye bomba au mwembe, na teremsha ncha mbili mpaka mita 3 kutoka ardhini, mfano wa paa. Hivyo inachukua mita 17 na nusu hivi, bila kuhesabu kamba. Ncha zisifikiwe na mkono wa mtoto: ukituma wati 100, volti kwenye ncha ni nyingi na zinaunguza. Na ipime mahali pake kwa mfano huu: bomba likianguka upande wowote, pamoja na waya wake, lisiweze kugusa nyaya za SNEL, shirika la umeme. Kama haliwezi kutimiza hilo, tafuta kona nyingine. Hapa hakuna mjadala.

Kwa kimo hicho, mita 40 hurusha mawimbi mengi juu kabisa, na hiyo ni faida: mchana yanarudi chini Likasi na Kolwezi bila kujali vilima. Usiku masafa hayo hayo yanakwenda mbali, maelfu ya kilomita.

Sasa kupunguza. Pima SWR (ROS kwa waliosoma Kifaransa) kila 50 kHz, kwa wati 5 hadi 10 tu, na kumbuka kwamba hata kupima kwa redio ni kutuma. Kama huna alama ya wito, tumia kichanganuzi cha antena. Tafuta masafa ambapo SWR ni ya chini kabisa. Tuseme ni 6.85. Urefu mpya ni 10.40 × 6.85 ÷ 7.10, yaani mita 10.03. Kunja sentimita 37 kila ncha, usikate, na pima tena. SWR ya 1.5 inarudisha asilimia 4 ya nguvu, ya 2 asilimia 11, ya 3 asilimia 25. Ukifika chini ya 1.5 acha, kuhangaikia 1.1 ni kupoteza Jumamosi.

SWR ikiwa juu kila mahali, chomoa kebo na pima kwa multimita kati ya moyo na wavu: pasiwe na mawasiliano. Yakiwepo, mara nyingi unywele mmoja wa wavu umegusa moyo ndani ya konekta. SWR ikiwa nzuri mno kila mahali, kutoka 6 mpaka 10 MHz, usishangilie. Dipoli haina upana huo. Kebo imelowa na inakula nguvu yako kabla haijafika juu.

Kuhusu kebo: mita 20 za RG-58 zinapoteza chini kidogo ya 1 dB kwa 7 MHz, jambo la kuvumilika. Kebo hiyo hiyo kwa 145 MHz inapoteza karibu 4 dB: wati 50 zinaingia, 20 zinatoka. Kwa mita 2 nunua RG-213 au fupisha kebo. Kebo ya televisheni ya omu 75 inafaa kabisa kwa kupokea, ila wavu wake wa alumini haukubali lehemu. Ubane kwa skrubu.

Betri na sheria ya Ohm

Redio ya wati 100 huvuta karibu ampea 20 ikituma na moja au mbili ikipokea. Nyingi zimetengenezwa kwa volti 13.8, na chini ya 11.7 huanza kukorofisha: sauti inakwaruza au redio inajizima kila ukiongea kwa nguvu. Watu hulaumu betri. Mara nyingi mkosaji ni waya.

Piga hesabu. Shaba ina ukinzani wa omu 0.0172 kwa kila mita ya waya wa 1 mm². Betri ikiwa mita 3 kutoka redioni, mkondo unatembea mita 6, kwenda na kurudi. Kwa waya wa 2.5 mm²: 0.0172 × 6 ÷ 2.5 = omu 0.041. Zidisha kwa ampea 20: volti 0.83 zimepotea njiani. Betri yenye 12.4 inafikisha 11.57, na redio inajizima. Kwa waya wa 6 mm² unapoteza 0.34 tu. Weka fyuzi ya ampea 25 karibu kabisa na betri, si karibu na redio, kwa sababu fyuzi inalinda waya.

Kwa ukubwa wa betri: saa tatu za kusikiliza kwa ampea 1.5 ni Ah (ampea kwa saa) 4.5, ongeza saa moja ya kuongea, kwa wastani wa ampea 8, jumla Ah 12.5. Betri ya risasi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo ya Ah 40 inatosha jioni nzima na akiba.

Kelele na radi

Umeme unapokatika mtaa mzima, washa redio kwa betri. Sindano ya nguvu ikishuka ghafla, basi kelele ilikuwa ya chaja, taa za LED na inveta za nyumba zenu. Umeme ukirudi, zima swichi za nyumbani kwako moja moja mpaka umpate mhalifu. Kidhibiti cha sola ni mtuhumiwa wa kwanza. Ukisikiliza, tenganisha paneli.

Kelele ya radi haina dawa. Kuanzia Oktoba hadi Aprili mita 40 itapasuka jioni nyingi. Mei hadi Septemba inatulia. Msimu wa mvua, chomoa kebo kila umalizapo na uiache nje ya dirisha. Kuichomoa redioni na kuiacha mezani si kinga. Fimbo ya ardhi ya mita 2 katika udongo wetu mwekundu hufanya kazi vizuri wakati wa mvua na vibaya Agosti udongo ukikauka. Piga fimbo mbili au tatu, zikiachana angalau mita 2, na uziunganishe.

Wito wa kwanza

Sikiliza kwanza, uliza kama masafa yanatumika, subiri, uliza tena. Taja alama yako kwa alfabeti ya kimataifa, nine Quebec na kuendelea, polepole. Ukisikia 5H ni Tanzania, 5Z Kenya, 5X Uganda, 9X Rwanda, 9U Burundi: jaribu Kiswahili, wengi watakuitikia. Jirani wa karibu zaidi, 9J wa Zambia, mwite kwa Kiingereza. Ripoti ya 59 ina maana unasikika wazi na kwa nguvu. Usiitoe kwa mtu aliyekubidi umwombe arudie jina lake mara tatu.

Andika daftari kwa saa za UTC, saa moja inayotumiwa na dunia nzima. Lubumbashi ni UTC+2, kwa hiyo 20:00 ya ukutani unaiandika 18:00, na 01:30 ya usiku unaiandika 23:30 ya tarehe iliyotangulia. Mraba wetu kwenye ramani ya Maidenhead, miraba ambayo watu wa ridhaa huitumia kutaja mahali walipo, ni KH38.