Unaenda BTP Tabora? Namna ya kuwazoesha wanafunzi kufanya wenyewe bila kukusubiri ticha

Mnaoenda BTP safari hii, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni mkiwa bado chuo cha ualimu, iwe Nzega, Urambo, Sikonge au pale pale manispaa, anzeni na andalio la somo. Ile sehemu ya kazi ya mwanafunzi wengi tunaijaza ilimradi: "wanasikiliza", "wanajibu maswali", "wanaandika notsi". Sa hapo mtoto kafanya nini chake mwenyewe? Ijaze hiyo kwanza kabla hujaandika za kwako, weka vitu anavyovifanya yeye, kupima, kulinganisha, kutunga swali, kusahihisha daftari la mwenzake, ukimaliza ndo uangalie we unabaki na kazi gani ndani ya zile dakika 40.

Ila usiingie siku ya kwanza ukasema "haya fanyeni wenyewe" halafu ukaenda kukaa. Huko ni kuwatelekeza. Watoto waliozoea ticha anayeongea mwanzo mwisho watakutolea macho tu, na we utapanik utarudi kuongea. Msaada unautoa kidogo kidogo. Mfano wa kwanza unafanya we ubaoni huku unasema kwa sauti unachowaza, wa pili mnafanya darasa zima, wa tatu wawili wawili, wa nne kila mtu na daftari lake. Wakikwama kwenye wa tatu rudi wa pili, wala usione aibu.

Chukua hesabu ya darasa la tano. Mzee wa Sikonge ana ndoo ya asali lita 20, anajaza kwenye chupa za nusu lita, atapata chupa ngapi? Nakuhakikishia nusu ya darasa watakwambia 10, wameona "nusu" wakagawa kwa 2. Hapa ndo mtihani wako mwenyewe ulipo, maana mdomo unawasha kusema "hapana, ni 40". Usiseme. Waambie wasome swali tena. Bado? Mwambie achore lita moja na chupa zake. Bado? Muulize, lita moja tu inajaza chupa ngapi? Akisema mbili, ondoka pale mezani, nenda kwa mwingine, muache amalizie. Watu wengi wanaharibu kwenye hatua hiyo ya mwisho, anamsaidia vizuri kabisa halafu anamsimamia hadi kieleweke na kalamu anamnyang'anya.

Darasa lenye watoto 90 huwezi kupita kote, najua. Kwa hiyo weka utaratibu wa kabla ya kumwita ticha: soma tena swali, angalia mfano ubaoni, muulize wa dawati lako, muulize wa dawati la nyuma, hapo ndo unyooshe mkono. Uandike kwenye manila ubandike ukutani, na mtoto akikuita we muulize tu "umefika namba ngapi?" Wiki ya kwanza ni kelele, mwalimu wa darasa la jirani atachungulia mlangoni. Wavumilie.

Kitu kingine ni kusubiri. Mmarekani mmoja, Mary Budd Rowe, alilichunguza hili, utafiti wake ulitoka miaka ya 1970, akakuta walimu wakiuliza swali wanasubiri kama sekunde moja tu kisha wanajijibu au wanamrukia mwingine, na waliposubiri angalau sekunde 3 majibu yakawa marefu na wakaongezeka wanaojitolea kujibu. Sekunde 3 mbele ya darasa lililo kimya ni ndefu balaa, hesabu moyoni. Na lile swali la "tumeelewana?" achana nalo kabisa, jibu lake unalijua, "ndiyooo mwalimu", hata ambaye alikuwa anachora gari. Badala yake sema "mweleze jirani yako ulivyopata", uzunguke usikilize.

Kosa nalo. Kama jibu baya linaleta kicheko au fimbo hakuna atakayejaribu, atasubiri uandike ubaoni akopi, na hapo usimlaumu, kapiga hesabu zake vizuri tu. We chukua jibu baya, lile la 10 kwa mfano, bila kutaja la nani, uulize darasa aliyepata hivi alifikiria nini.

Na jamani tukisikia kujitegemea tunakimbilia jembe na shamba la shule. Nyerere, ambaye kasoma Tabora Boys na kafundisha St. Mary's hapo hapo Tabora, kwenye Elimu ya Kujitegemea ya 1967 alitaka pia mtoto mwenye akili ya kudadisi na anayejiamini. Hilo halihitaji ekari hata moja.

Mwisho suala la asesa, yule anayekuja kukukagua na kukupa alama ukifundisha, maana najua ndo linalowatia presha. Mnaogopa akiingia akukute umeinama dawati la nyuma na ubao hauna kitu atasema hufundishi. Ongea na mwalimu mwenyeji mapema, mwonyeshe unachofanya, na andalio liwe mezani na ile sehemu ya mwanafunzi imejaa. Asesa akikaa nyuma, mpe daftari la mtoto yeyote aliye karibu naye, siyo la yule mkali wa darasa.