Kumpata mtafsiri huru wa Kiburma kwa kazi ya kitaalamu

Anzia ProZ au TranslatorsCafe, tovuti za kutafutia watafsiri, ila chuja kwa fani kwanza: aliyezoea mikataba huenda asiziweze fomu za ridhaa za wagonjwa. Mpe jaribio la maneno 200 hivi kutoka kwenye kazi yenyewe, umlipe, kisha mjuzi mwingine wa fani hiyo alikague.

Patana bei kwa maneno ya matini chanzi, yaani maandishi unayompa atafsiri. Kiburma hakiachi nafasi kati ya neno na neno, kwa hiyo kompyuta ikihesabu tafsiri itakupa idadi ya ajabu.

Fonti ndiyo inayoumiza wengi. Dai Unicode, mfumo wa kimataifa wa kuwakilisha herufi kwenye kompyuta, si Zawgyi, fonti ya Kiburma isiyoufuata mfumo huo. Myanmar ilihamia Unicode rasmi Oktoba 2019, lakini faili za zamani bado zinazunguka. Zikichanganywa, herufi huvurugika. Kabla ya kuchapa, mtumie PDF aikague: programu ya usanifu huweza kukata mstari katikati ya neno.