Kuomba chuo cha nje ukiwa Mtwara, anza na makaratasi

Vijana wa madrasa huku Mikindani na Newala wananiuliza sana kuhusu kusoma chuo Madina, Saudia, haya nawaambia kama navyowaambia wadogo zangu. Anza na cheti cha kuzaliwa cha RITA, jina lilingane herufi kwa herufi na cheti cha mtihani cha NECTA na pasipoti, maana ukiwa Mohamedi huku na Muhammad kule utazungushwa mpaka ukome, wengi wanakwama hapo. Pasipoti omba mapema kwa Uhamiaji, usisubiri mzee auze korosho ndo ukumbuke.

Halafu tafsiri vyeti kwa Kiarabu kwa mtafsiri anayetambulika, omba tazkiya, yaani barua ya kukupendekeza, kwa masheikh wawili wanaokujua kweli, skani vyote viwe vinasomeka, simu yenye kamera nzuri inatosha bana.

Chuo Kikuu cha Kiislamu Madina kipo tangu 1961, unaomba mtandaoni bure, na ukipata ufadhili unakuta malazi na posho, umri nao wanaangalia so usichelewe. Chuo cha Azhar, Kairo, Kiarabu kisikutishe, wageni wasiokijua wanaanza na kozi ya lugha. Kama Kiingereza ndo chako, IIUM, chuo kikuu cha Kiislamu cha Malaysia, au karibu zaidi kile cha Kiislamu cha Mbale, Uganda, kilichoanza 1988, hapo unaenda hata kwa basi. Sudan kwa sasa iache, vita tangu Aprili 2023.

Wakala akikwambia tuma laki tatu "ya nafasi", mblok. Majibu yanachukua miezi, we endelea na darsa zako.