Namna ya Kukadiria Umbali wa Angani na Muda wa Ndege Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam

Basi linalotoka Mtwara kwenda Dar es Salaam hupita Mikindani, Mingoyo, Nangurukuru na Somanga, kisha huvuka Mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, na hadi kufika huwa limekwenda takribani kilometa 560. Ndege haizifuati kona hizo, hivyo anayegawanya umbali wa barabara kwa kasi ya ndege hupata jibu lisilo sahihi tangu mwanzo.

Umbali wa angani waweza kuupata mwenyewe. Fungua ramani kwenye simu, bonyeza kwa sekunde chache juu ya kila uwanja, nawe utaona namba mbili ambazo ni nyuzi za kusini na za mashariki. Uwanja wa Mtwara uko karibu na 10.34 kusini na 40.18 mashariki, ule wa Julius Nyerere uko karibu na 6.88 kusini na 39.20 mashariki. Tofauti zake ni 3.46 na 0.98. Kwa kuwa huku kwetu, karibu na ikweta, uzi mmoja ni takribani kilometa 111 kwa pande zote mbili, tofauti hizo ni kilometa 384 na 109. Zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili: utapata karibu kilometa 400. Kwa safari ya mbali, kama ya London, njia hii haifai, maana dunia ni mviringo.

Muda ndio unaohitaji uangalifu zaidi. Ndege ya pangaboi aina ya Dash 8 Q400 hukata takribani kilometa 600 kwa saa, kwa hiyo kilometa 400 ni dakika 40. Ongeza dakika 20 hivi za kutembea ardhini, kupaa, kupunguza kasi na kutua, ndipo upate saa moja. Ndege ya jeti yenye kasi ya kilometa 830 kwa saa ingetumia dakika 29, lakini zile dakika 20 hazipungui. Faida yote ni dakika 11 tu. Kwa maoni yangu, katika safari fupi kama hii hakuna sababu ya kuchagua tiketi kwa aina ya ndege. Afadhali kuangalia saa ya kuondoka, tena kwa makini, kwa kuwa tiketi ikiandikwa 13:20 maana yake ni saa saba na dakika ishirini mchana.

Muda ulioandikwa kwenye tiketi huanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na huisha inaposimama, ndiyo maana rubani hutangaza muda mfupi zaidi. Wewe ongeza saa mbili za kuwahi uwanjani, tena muda wa kusubiri mizigo na wa foleni ya Barabara ya Nyerere. Safari ya saa moja hukaribia saa nne, mlango kwa mlango.

Ukiunganisha kwenda Dodoma, usipime mstari mmoja kutoka Mtwara, ambao ni kama kilometa 670. Kupitia Dar es Salaam ni karibu 790. Hesabu kila kipande peke yake pamoja na dakika zake 20, na muda wa kusubiri uuandike kama kipande cha tatu.