Maumivu ya viungo: hatua za kujipunguzia nyumbani, pamoja na maswali yenu

Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi ikishaingia Nairobi, maswali mengi ninayoulizwa ni ya magoti. Flati zetu nyingi hazina lifti. Mama mwenye goti bovu anayeishi ghorofa ya nne anahesabu kila ngazi, na siku maji yakikatika anazipanda na mtungi mkononi. Baridi haiharibu kiungo, ila maumivu huzidi kusikika.

Niseme mapema: hakuna kitu katika somo hili kitakachomaliza yabisi, yaani ugonjwa wa viungo kuuma na kukakamaa. Vipo vingi vya kupunguza maumivu, tena vya bei nafuu, na inaniuma kuona watu wakiteseka huku wakimaliza pesa kwa dawa zisizo na jina.

Hatua ya 1: Jua yabisi yako ni ipi

Ya kwanza ni ya kuchakaa kwa gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa. Hushika magoti, nyonga na vidole. Huuma ukitumia kiungo, hutulia ukipumzika, na asubuhi mkakamao hauzidi nusu saa. Ya pili ni rumatoidi: kinga ya mwili inageuka na kushambulia viungo. Mara nyingi huvimba vidole vya mikono yote miwili, na mkakamao wa asubuhi huchukua saa nzima au zaidi. Ya tatu ni jongo, inayotokana na asidi ya yuriki kuganda kiungoni. Hupenda kuanzia kidole gumba cha mguu, usiku, kwa maumivu makali.

Hatua zinazofuata zinamfaa hasa mwenye ile ya kwanza. Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto na una homa, usikande wala usichemshe chochote. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda ni maambukizi.

Hatua ya 2: Joto na barafu

Kiungo kilichokakamaa kinataka joto. Chovya taulo kwenye maji ya moto, kamua, pima joto kwa mkono wako, kisha funika goti dakika 15 hadi 20. Kilichovimba na kupata joto kinataka barafu iliyofungwa kwa kitambaa, dakika 10 hadi 15. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asikande kwa joto kali, anaweza kuungua bila kujua.

Hatua ya 3: Imarisha paja

Hii ndiyo dawa yenyewe. Kama utafanya jambo moja tu katika somo hili, lifanye hili. Msuli wa mbele wa paja ndio unaolishika goti. Ukilegea, goti hubeba mzigo peke yake. Watu wengi wakishaumwa huacha kutembea, paja likanywea, goti likazidi kuuma.

Anza ukiwa kitandani. Nyoosha mguu, kunja taulo uiweke chini ya goti, kisha ibane kwa kulisukuma goti chini. Utaona msuli wa paja ukijikaza na kofia ya goti ikivutwa juu kidogo. Hesabu hadi tano, legeza. Fanya mara kumi kila mguu.

Baada ya siku chache, ingia kwenye kiti. Chukua kiti kigumu cha mezani, kiegemeze ukutani kisiteleze. Keti ukingoni, nyayo chini, mikono kifuani. Inuka polepole, kisha rudi chini polepole zaidi. Usijiangushe, maana huko kushuka ndiko kunakojenga msuli. Ukishindwa, weka mto juu ya kiti ili kiwe kirefu. Anza na mara tano, asubuhi na jioni, uongeze kadiri nguvu zinavyokuja.

Ipe wiki sita hadi nane kabla ya kusema haifanyi kazi. Kuuma kidogo wakati wa zoezi si tatizo. Maumivu yakizidi hadi kesho yake, punguza.

Hatua ya 4: Punguza mzigo

Kila kilo moja unayopunguza huliondolea goti mzigo wa kilo nne hivi kwa kila hatua unayotembea. Fimbo hushikwa mkono ulio upande wa mguu mzima, na wengi hukosea hapo. Kwenye ngazi, mguu mzima utangulie kupanda, mgonjwa utangulie kushuka. Na kwenye matatu usione haya kumwambia makanga asimamishe gari kabisa ndipo ushuke.

Hatua ya 5: Vya jikoni na vya kupaka

Tangawizi na manjano vinasaidia kiasi, kwa baadhi ya watu. Nunua mizizi yenyewe sokoni, isage, utie kwenye mchuzi au chai ya maziwa pamoja na pilipili manga kidogo. Mafuta na pilipili manga husaidia mwili kufyonza kiini cha manjano. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, au mwenye mawe ya nyongo asianze manjano kwa wingi bila kumwuliza daktari.

Samaki wa mafuta, omena wakiwemo, wana omega-3, ambayo hutuliza uvimbe, hasa wa rumatoidi. Mwenye jongo awapunguze, pamoja na maini, matumbo na bia.

Thabai ni mboga nzuri na wazee wengi huisifu kwa viungo. Ichemshe, itaacha kuwasha. Ushahidi wake bado ni mdogo, kwa hiyo kuleni kama mboga.

Ya kupaka, krimu ya kapsaisini, kiini cha pilipili, inapatikana kwa duka la dawa. Inataka kupakwa kila siku kwa wiki moja au mbili ndipo ionyeshe kazi. Nawa mikono, usiguse macho. Usisage pilipili mbichi ukajipaka, utajiunguza.

Maswali yenu

*Kayole: Mwalimu, shikamoo. Mama mkwe vidole vinavimba mikono yote, hawezi kushika kikombe mpaka saa nne asubuhi. Nimpe manjano?*

Marahaba. Pole sana kwa mama. Dalili hizo zinafanana na rumatoidi, na hiyo isipotibiwa mapema hukunja vidole moja kwa moja. Mpeleke akapimwe damu, umwombe daktari rufaa ya kliniki ya rumatolojia. Akiandikiwa methotrexate, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, shika hili: kwa yabisi hunywewa mara moja kwa wiki, si kila siku. Manjano kwenye mchuzi sawa, lakini isichukue nafasi ya dawa.

*Umoja: Je, supu ya mifupa inarudisha gegedu?*

Hapana, kaka. Tumbo huisaga kama protini nyingine yoyote, haiendi moja kwa moja gotini. Kama unaipenda, kunywa, ila toa mafuta ya juu.

*Rongai: Goti langu linalia nikichuchumaa lakini haliumi. Niache mazoezi?*

Usiache. Mlio usio na maumivu wala uvimbe hauna neno.

*Githurai: Shosho alinunua unga wa mitishamba kwenye basi. Usiku ule ule maumivu yaliisha! Sasa ni miezi miwili, amenona uso na sukari imepanda. Tuutupe?*

Msiutupe, na asiache ghafla. Mitishamba haifanyi kazi kwa usiku mmoja hivyo. Kuna unga unaochanganywa kwa siri na steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuhusu Artri King, iliyouzwa kama ya asili, baada ya kukuta ndani yake deksamethasoni, ambayo ni steroidi, na diklofenaki, dawa ya maumivu, ambazo hazikuandikwa kwenye chupa. Mtu aliyetumia steroidi kwa wiki nyingi akikatiza ghafla, mwili unaweza kuzimia. Mpelekeni shosho hospitali leo na pakiti mkononi, mwelezeni daktari yote. Yeye ndiye atakayempunguzia dozi pole pole, na ampime sukari na presha hapo hapo.

*Kibra: Nina presha. Naweza kunywa diklofenaki siku za baridi kali?*

Mama, usijinunulie. Dawa za kundi hilo hupandisha presha, huumiza figo na kutoboa tumbo. Mwulize daktari kuhusu diklofenaki ya kupaka, maana kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo zaidi.