Jinsi ya kuanzisha kikundi cha wanawake cha kujifunza Biblia, na kukilea hadi kiwe cha marafiki

Nilipoanza kuongoza kikundi cha wanawake cha kujifunza Biblia nilidhani kazi yangu ni kufundisha. Nilikuja na kurasa za maelezo, nikazungumza saa nzima, akina dada wakaitikia "amina" wakaenda zao. Baada ya miezi sita tulikuwa tumejua mengi juu ya safari za Paulo, lakini hatukujua kwamba mwenzetu mmoja alikuwa amefiwa na mama yake, na kila wiki alikaa katikati yetu na msiba wake moyoni. Siku nilipolijua hilo nililia, kisha nikabadilisha namna ya kuendesha. Hapa naeleza ninavyofanya sasa, kwa mfano wa kitabu cha Ruthu, ambacho karibu kila mara ndicho ninachoanza nacho.

Hatua ya 1: Mpate mwenzako mmoja kwanza

Usitangaze kanisani bado. Mtafute dada mmoja, someni kitabu chote wawili wenu, ombeni pamoja wiki mbili au tatu. Luka 1 inatuambia Mariamu alikaa kwa Elisabeti kama miezi mitatu, mmoja kijana na mwingine mtu mzima, na ushirika ule ulianza na wawili tu. Ni vema mwenzako asiwe wa rika lako wala wa tabia yako. Huyu ndiye atakayeshika nafasi yako ukiugua, na ndiye atakayekuambia bila kuficha, "Leo umezungumza mno." Wajulisheni pia viongozi wenu wa kanisa mapema, ili wasije wakasikia habari kwa watu wa pembeni.

Hatua ya 2: Alika kwa mdomo, alika wachache

Sita hadi wanane wanatosha. Wakizidi kumi na wawili, wanyamavu hupotea kabisa, na hapo ni bora kugawana makundi mawili. Mwalike kila mmoja uso kwa uso. Changanya wajane, wasioolewa, wenye watoto wachanga, wazee na aliyeokoka juzi. Vikundi vya watu wa hali moja huanza kwa urahisi, lakini Tito 2 inategemea wanawake wazee kuwa karibu na vijana.

Hatua ya 3: Wekeni makubaliano siku ya kwanza

Yasizidi matatu au manne, nayo yasemwe kwa sauti. Tunaanza na kumaliza kwa wakati. Yanayosemwa hapa hayatoki hapa, hata kwa mume, hata kwa kisingizio cha "mwombeeni fulani". Hakuna anayelazimishwa kusoma kwa sauti, maana yuko ambaye kusoma kunamtesa na hatasema.

Siri ina mpaka wake, nao uelezwe siku hiyohiyo: maisha ya mtu au ya mtoto yakiwa hatarini, tutatafuta msaada nje. Dada anayepigwa nyumbani asiambiwe avumilie na kuomba tu. Muulize kama yuko salama usiku huu, kaa naye, msindikize kwa wenye ujuzi na mamlaka. Kiongozi wa kikundi si mshauri wa kila jambo, na kulikubali hilo ni sehemu ya upendo.

Hatua ya 4: Chagua kitabu kizima, kifupi

Ruthu ina sura 4, basi ni wiki 4. Mtu anayeogopa kujifunga anaweza kuahidi wiki nne. Sipendi kuanza na mada zinazorukaruka mistari, kwa sababu kiongozi huishia kuchagua mistari inayosema alichotaka kusema tangu mwanzo. Kitabu kizima hukulazimisha kupita hata pale usipopenda. Waje na tafsiri mbili, Union Version na Habari Njema. Ya kwanza ina maneno ambayo wengi wetu tumeyabeba tangu utotoni, ya pili hufungua mahali palipokuwa pamefumba.

Hatua ya 5: Andaa maswali, acha mahubiri

Hapa ndipo pa kutumia muda wako. Andika maswali sita au saba tu, ya namna tatu: tunaona nini, maana yake nini, nasi tufanye nini. Kwa sura ya 1, ambapo Naomi mjane anarudi Bethlehemu kutoka Moabu pamoja na Ruthu, mkwewe aliyekataa kumwacha, mimi huuliza hivi.

Tunaona nini? Katika mistari mitano ya kwanza ni nani wamekufa? Walikaa Moabu muda gani? Naomi anatoa sababu gani anapowasihi wakwe zake warudi kwao?

Maana yake nini? Naomi anakataa jina lake na kutaka aitwe Mara, yaani uchungu. Anasema alitoka hali amejaa, na Bwana amemrudisha hana kitu. Wakati anasema hayo, Ruthu yuko wapi?

Hapo nyamaza. Wataangalia tena Biblia zao, kisha mmoja atasema polepole, "Yuko hapo hapo, amesimama kando yake." Nimeuliza swali hili katika vikundi vingi, na kila mara chumba hubadilika.

Tufanye nini? Umewahi kusimama kando ya mtu ambaye uchungu ulimzuia asikuone? Au wewe ndiye uliyekuwa Naomi?

Waonyeshe pia wanawake wa Bethlehemu. Katika sura ya 1 wanauliza, "Je, huyu ni Naomi?" Anawajibu kwa uchungu wote ule, na maandiko hayasemi kwamba yupo aliyemsahihisha. Katika sura ya 4 wako tena: wanamhimidi Bwana, wanamwambia Naomi kwamba mkwewe anamfaa kuliko watoto saba, na wanampa mtoto jina, Obedi. Maneno yao ya faraja yanakuja baada ya mavuno, mtoto akiwa amekwisha kuzaliwa.

Nasisitiza hili kwa sababu nililikosea. Dada mmoja alisema amechoka kumwomba Mungu, nami nikamsomea Warumi 8:28, kwamba katika mambo yote Mungu huwapatia mema wampendao, kabla hajameza mate. Mstari ni wa kweli. Lakini alifunga Biblia yake, na wiki kadhaa hakuonekana, mpaka nilipomwendea kuomba msamaha. Siku hizi mtu akilia nasema, "Asante kwa kutuambia," kisha tunakaa naye kimya.

Hatua ya 6: Gawa dakika 90

Salamu na habari za wiki dakika 15. Kusoma sura kwa sauti mara mbili, wasomaji tofauti, dakika 10. Maswali dakika 40. Maombi dakika 25, na hizi zisiliwe na mazungumzo.

Ukiuliza swali, hesabu moyoni hadi kumi kabla ya kusema lolote. Kimya kinakutisha wewe kiongozi kuliko wao. Kwa anayezungumza sana, kaa ubavuni pake badala ya kumkabili, na useme, "Asante dada, tusikie na wengine." Mtu akileta fundisho lisiloeleweka, usimwaibishe. Muulize, "Umeliona katika mstari upi?" Katika Matendo 17 watu wa mji wa Beroya walisifiwa kwa kuyachunguza maandiko kila siku, na swali hilo moja hulinda kikundi vizuri.

Hatua ya 7: Maombi yenye daftari

Kila mmoja aombewe jambo lake mwenyewe, si la jirani ya binamu yake. Liandike pamoja na tarehe. Wiki inayofuata anza hapo: "Ulisema una majibu ya hospitali Jumatano, yamekuwaje?" Nimeona urafiki mwingi ukizaliwa katika swali la namna hiyo. Wapange wawili wawili kwa muda wa kitabu kimoja, wapigiane simu mara moja katikati ya wiki. Kundi la WhatsApp litumike kwa taarifa na maombi ya haraka. Likijaa picha za kusambaza, watu watalizima.

Hatua ya 8: Wiki ya nne

Kabla ya sala ya kufunga, uliza kama wanataka kuendelea, na umruhusu anayetaka kupumzika aondoke kwa baraka. Baada ya Ruthu napenda Wafilipi, sura 4 tena, tukitanguliza Matendo 16, ambapo huko Filipi wanawake wamekusanyika kando ya mto na Bwana anaufungua moyo wa Lidia. Mpe maandalizi ya sura ya kwanza dada ambaye amezungumza kidogo kuliko wote. Keti naye siku chache kabla, mwandike maswali pamoja. Siku yenyewe ikifika, njoo bila karatasi, keti kati ya wasikilizaji, na uwe wa mwisho kujibu.